Ukungu Upande wa Ndani

Wanafunzi wale sikuwaona. Nianze na hilo, kwa sababu ndilo nililolificha.

Ilikuwa asubuhi ya mwezi wa saba, katika baridi ile ya huku kwetu milimani ambayo mtu wa Tanga mjini haiamini mpaka aone mvuke ukimtoka yeye mwenyewe mdomoni. Nilikuwa nimepakia kabichi Lukozi, lori langu dogo limejaa mpaka juu ya bodi, na mke wangu ameketi kushoto kwangu, kanga juu ya sweta. Yeye anauza, mimi naendesha. Kazi hiyo tunaifanya pamoja tangu watoto wetu wakiwa shule ya msingi. Tulikuwa tumeuacha msitu wa Magamba nyuma, tunateremka kuelekea Lushoto, kioo cha mbele kilipoanza kuingia weupe. Ulianzia chini, pale kioo kinapokutana na dashibodi, ukapanda taratibu mpaka usawa wa macho yangu. Nikafuta kwa kiganja. Kiganja kikaacha michirizi, na nyuma ya michirizi ile barabara ilikuwa imebaki rangi tu: kijivu chini, kijani pembeni.

Kitu kikagonga kioo cha pembeni, upande wa mke wangu. Ta!

"Watoto!" alipiga kelele. "Baba, watoto!"

Nilikanyaga breki kwa nguvu zote. Lori liliteleza kidogo, mzigo ukalalama nyuma, tukasimama. Niliruka chini nikiwa sijui nitakuta nini. Nilikuta wanafunzi saba au wanane wa sweta za kijani, wamejibana kwenye ukingo wa udongo, na mmoja wao, msichana mdogo, ameshika fagio la chelewa lililokatika mpini. Mpini ndio uliogonga kioo. Kati ya bodi la lori na bega lake ilikuwa imepita nafasi ya mkono mmoja, labda chini ya hapo.

"Shikamoo!" waliniamkia, wote kwa pamoja.

Nimeamkiwa mara nyingi katika maisha yangu, lakini ile shikamoo sijaisahau. Niliitikia marahaba. Nikawauliza kama wote wazima, wakasema wazima, wakaendelea na safari yao ya shule, yule msichana akiwa na fagio lake fupi.

Niliporudi ndani mke wangu alikuwa bado ameshika dashibodi.

"Uliwaona?" aliniuliza.

"Niliwaona," nilisema. "Walisogea barabarani ghafla."

Alitoa kitambaa, akaanza kufuta kioo upande wangu.

Sababu ya kusema uongo ule ni baba yangu. Alikuwa mpasua mbao, na macho yake ndiyo yaliyokuwa yakimpatia kazi: aliliangalia gogo akakuambia litatoa mbao ngapi. Alipofika umri ambao ninao mimi sasa, miaka hamsini na michache, alianza kulalamika juu ya ukungu. "Mwaka huu ukungu umezidi," alikuwa akisema akiwa amesimama mlangoni, na sisi watoto tukimtazama bila kumwelewa, kwa sababu ulikuwa mwezi wa pili, jua kali, na mlima wa ng'ambo unaonekana mpaka miti yake. Baadaye akasema taa ya chemli ina duara kuizunguka. Baadaye akaanza kupapasa ukuta. Hospitali walimwambia ni presha ya macho, na kwamba kilichokwisha kupotea hakirudi. Aliishi gizani miaka kumi na mmoja. Mimi ndiye niliyekuwa nikimshika mkono kumpeleka msikitini.

Kwa hiyo mtu aliponiambia, "Fulani, mbona kioo chako kina ukungu?" mimi nilisikia sauti nyingine kabisa.

Jambo hili lilikuwa limeanza wiki mbili kabla ya asubuhi ile ya wanafunzi. Mwanzoni nililichukulia kama kila dereva wa huku anavyolichukulia. Baridi iko nje, watu wawili wanapumua ndani, nguo zimeloa, kioo lazima kitoke jasho. Nilifanya kila tulichofundishana barabarani. Nilipaka kioo sabuni ya kipande nikaisugua mpaka ikapotea. Nilikata kiazi nikapaka. Nilifungua dirisha inchi mbili, mke wangu akatetemeka, nikafunga. Nililipeleka lori kwa fundi mmoja wa kando ya barabara, akainua mpira wa kukanyagia upande wa abiria, akagusa, akaniambia, "Unaona? Kumeloa. Mvua inaingia. Mpira wa kioo umechoka." Akabadilisha mpira wa kioo kizima. Nilifurahi siku mbili.

Siku ya tatu ilikuwa kavu. Hapakuwa na mvua wala manyunyu tangu jana yake, jua limetoka, na kioo kikaingia weupe vilevile. Tena asubuhi hiyo lilikuja gari kwa mbele likiwa limewasha taa, na kila taa nikaiona imezungukwa na duara, duara la rangi, kama alivyosema baba.

Nilikumbatia usukani nikajiambia ni kioo. Lakini kioo nilikuwa nimekifuta dakika tano zilizopita, kwa kitambaa kikavu. Kama si kioo, basi kilichobaki ni mimi.

Kuanzia siku hiyo nilianza kujipima kwa siri. Mke wangu akiwa sokoni anapanga bei na wanunuzi, mimi nilikaa ndani ya gari nikafumba jicho moja, nikasoma maandishi ya magunia ya mbolea kwenye duka la ng'ambo, kisha nikafumba jingine. Siku nyingine niliyasoma yote. Siku nyingine herufi zilikuwa na vivuli, na sikuwa najua tena kama vivuli vile viko kwenye herufi, kwenye kioo, machoni, au ni woga wangu tu umeviweka. Kliniki ya macho iko Lushoto mjini, hatua chache kutoka mahali ninapoegesha. Nilipita mbele ya geti lake kila siku ya soko na sikuingia hata mara moja. Nilijua nitakachoambiwa, na mtu akishaambiwa hawezi tena kurudi kwenye usukani akajifanya hajui.

Nikaendelea kuendesha. Sijivunii hilo hata kidogo. Tani tatu za kabichi, mke wangu pembeni, na mtu kwenye usukani anayeamini kwamba anapofuka. Kila kona nilipiga honi mapema kuliko kawaida. Kila mtu aliyetembea kando ya barabara nilimhesabu kama nimeshamgonga, mpaka nimpite.

Na mke wangu naye alibadilika. Aliacha kuzungumza garini. Zamani angeniambia nani kaoza binti, nani kauza shamba. Sasa alikaa amegeuza uso kwangu, ananitazama mimi na si barabara. Mara mbili alininusa. Naapa aliinama akaninusa karibu na mdomo, akijifanya anaokota kanga yake. Nikadhani ameshagundua kuhusu macho na anangoja niseme mwenyewe. Sikusema.

Siku ambayo kila kitu kilifunguka, wiki moja baada ya wale wanafunzi, ilikuwa ya manyunyu. Tuliondoka Lushoto kama saa nne asubuhi kuteremka Mombo, ambako mke wangu alikuwa na mteja anayengoja mzigo. Mnaoijua barabara ile mnajua kona zake kati ya Lushoto na Soni. Upande mmoja mlima, upande wa pili mawe machache yaliyopangwa, kisha bonde. Tulikuwa tumepita kona ya tatu au ya nne kioo kilipoanza.

"Washa feni," mke wangu alisema.

Nilikuwa siiwashi mara kwa mara kwa sababu inapiga kelele. Nikaiwasha mpaka mwisho. Hewa ilitoka kwenye matundu ya chini ya kioo, na badala ya kioo kusafika, kilifunga. Sijui niseme vipi ili mnielewe. Haikuchukua hata sekunde tano. Kilikuwa na weupe wa pembeni, kikawa cheupe chote, na wakati huohuo basi likatokea kwenye kona likipanda, limewasha taa kubwa. Mbele yangu hapakuwa na barabara tena, ila mwanga, mwanga mweupe uliojaa kioo kizima, na honi.

Nilivuta usukani kushoto. Basi lilipita, upepo wake ulilitikisa lori letu. Nikakanyaga breki, gurudumu la mbele likagonga kitu kigumu, injini ikazima. Kisha kimya. Nilisikia maji ya mto huko chini, na kabichi moja iliyodondoka kutoka juu ya mzigo ikibingirika, ikigonga jiwe, ikibingirika tena, mpaka sikuisikia.

"Usiteremke upande wako," nilimwambia mke wangu. Nilivuta hendibreki kwa mikono miwili. "Pitia huku kwangu."

Alipita juu ya gia, akanikanyaga paja, akashuka, nami nikashuka nyuma yake. Gurudumu la mbele la kushoto lilikuwa limekaa kwenye moja ya yale mawe. Jiwe lilikuwa limesogea na kuacha alama mbichi ardhini, upana wa kiganja. Nyuma ya jiwe kulikuwa na majani kidogo, kisha hewa.

Nilikaa chini barabarani, mtu mzima na kofia yangu, kwenye manyunyu, nikaanza kulia.

"Mama," nilimwambia, "mimi sioni. Si kioo. Ni macho. Wale watoto sikuwaona. Nimepata ugonjwa wa baba."

Alisimama akinitazama. Nilitegemea atalia au atanilaani. Akasema, "Simama."

"Nakuambia sioni..."

"Simama, geuka huku." Alinishika mabega akanielekeza ng'ambo ya bonde, ambako kulikuwa na nyumba moja ya bati katikati ya migomba. "Ile nyumba. Mlangoni kuna nini?"

Nilijifuta uso. "Kuna ndoo."

"Rangi gani?"

"Ya bluu. Na kuku, amesimama juu ya jiwe, pembeni ya ndoo."

Mke wangu alikaza macho muda mrefu. "Kuku?" alisema. "Mimi hata ndoo siioni vizuri, wewe unaona kuku!" Akapanda kwenye kabini, akakaa kwenye siti yangu, akatazama kupitia kioo cha mbele. "Na humu mimi sioni kitu. Sioni hata mkono wangu nikiutoa nje. Haya, na mimi nimepofuka?"

Ninajua sasa kwamba hilo lilikuwa jambo ambalo mtoto angelifikiria. Kumweka mtu mwingine mahali pangu, basi. Lakini nilikuwa nimebeba ule woga peke yangu kwa wiki tatu, na woga ukiwa wako peke yako huufanyii majaribio.

Alishuka. "Kwa hiyo si kisukari?" aliniuliza.

"Kisukari gani?"

Akaniambia. Ndugu yake wa mwisho, kabla hajaanguka na kukata kauli, mdomo wake ulikuwa ukinuka utamu, kama matunda yaliyoiva kupita kiasi. Na yeye kwa wiki hizo tatu alikuwa akisikia harufu ya utamu ndani ya gari, kila tukikaa wawili, kila tukifunga madirisha. Nyumbani haikuwepo, lakini garini ilikuwepo, na garini yuko na mimi. Alikuwa akingoja nianguke. Ndiyo maana alinitazama mimi na si barabara: alitaka awahi kushika usukani.

"Mbona hukuniambia?" niliuliza.

"Na wewe mbona hukuniambia?"

Tuliingiza vichwa vyetu kwenye kabini, mmoja kila mlango, tukanusa kama watu wanaotafuta panya aliyekufa. Harufu ilikuwepo. Ilitoka kwenye matundu ya hewa.

Kufika Soni kulitugharimu saa nzima. Dereva wa gari dogo lililokuwa likipanda alitusaidia kurudisha lori nyuma kutoka kwenye jiwe. Aliweka kigingi chini ya gurudumu, akaniongoza kwa mkono, nirudi kidogo kidogo. Kisha tuliteremka kwa gia ya kwanza, madirisha yote wazi, feni imezimwa, kichwa changu nje kwenye manyunyu, na mke wangu akitembea mbele ya lori kwenye kila kona, kanga mkononi, anaipunga kuzuia magari yanayopanda. Mvua ilimnyeshea mgongoni. Nilimtazama yule mwanamke akitembea mbele ya tani tatu za mzigo wetu, nikijua breki zikikosea ni yeye wa kwanza, na sidhani kama nimewahi kuogopa hivyo, hata kwenye jiwe.

Soni kuna gareji ndogo ambayo sikuwa nimewahi kuitumia. Fundi wake ni mwanamke, umri wa binti yangu mkubwa, ovaroli yake imekunjwa mpaka viwikoni.

"Shikamoo baba, shikamoo mama," alituamkia, akatutazama tulivyoloa. "Poleni. Nini kimetokea?"

Nilianza kumweleza kuhusu mpira wa kioo, akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akapanda kabini na hakugusa kitu. Alikaa tu, amefunga mlango, amefumba macho, akavuta pumzi. Aliposhuka aliuliza swali ambalo hakuna mtu aliyewahi kuniuliza.

"Baba, maji ya rejeta unaongeza mara ngapi?"

Niliona haya. "Kila asubuhi. Kidogo tu. Ile dawa ya kijani. Gari ni kuukuu."

"Na chini ya gari unaona yamedondoka?"

"Hapana."

"Sasa yanakwenda wapi?"

Wiki tatu nilikuwa nikilinywesha lori maji kila asubuhi, na sikujiuliza hata mara moja yanakwenda wapi. Akili yangu yote ilikuwa machoni.

Aliniita nipande. Alipitisha kidole kwenye kioo, upande wa ndani, akanipa nikiguse kidole chake. Kilikuwa kinateleza. "Ukungu wa pumzi ni maji matupu," alisema. "Ukiufuta, kioo kinakauka, kinang'aa. Huu ukiufuta unapakaa, kama mafuta. Na taa ikipiga juu ya mafuta haya, unaona maduara."

"Maduara," nilisema.

"Ya rangi rangi. Watu wengi wanadhani ni macho."

Mke wangu, aliyekuwa amesimama chini, alicheka kidogo kisha akaziba mdomo.

Fundi aliinua mpira wa kukanyagia upande wa abiria, akaweka karatasi nyeupe ya chooni juu ya chuma, akaikandamiza kwa kiganja. Alipoiinua ilikuwa na rangi ya kijani hafifu. "Mvua ya Lushoto haina rangi," alisema. "Hii ni ile dawa ya rejeta, na ndiyo inayonuka utamu." Kisha akatuonyesha mahali: nyuma ya dashibodi, juu kidogo ya pale mke wangu anapoweka miguu, kuna rejeta nyingine ndogo, ya hita. Magari haya yalitengenezwa kwa ajili ya nchi za baridi kali, na maji ya moto ya injini hupitishwa humo ili kabini ipate joto. Huku kwetu hakuna anayeitumia, wengi hawajui kama ipo, lakini maji yanazunguka humo muda wote. Ya kwangu ilikuwa imetoboka kwa kutu. Tundu dogo sana, maji yakitoka kama mvuke, na feni ikiwashwa inauchukua mvuke ule wote na kuupuliza juu ya kioo.

"Ndiyo maana ulipowasha feni kikafunga chote," alisema. "Siku nyingine ukitaka kujua, fanya hivyohivyo ukiwa umesimama. Feni ikisafisha kioo, ni pumzi zenu. Feni ikizidisha, ni hita."

Nilimuuliza kama ni hatari, ukiacha hilo la kutoona. Alisita, akamtazama mke wangu.

"Hii ingepasuka yote mkiwa mnapanda mlima, injini imechemka," alisema, "mama ndiye angemwagikiwa. Miguuni."

Mke wangu alitazama miguu yake. Alikuwa amevaa kandambili.

Dawa yenyewe ilikuwa ndogo kuliko nilivyotarajia, na hilo nalo liliniuma. Alifungua boneti ya ndani chini ya siti, akachomoa mipira miwili inayoingiza na kutoa maji kwenye hita, akaiunganisha yenyewe kwa yenyewe kwa kipande cha bomba la chuma na klipu mbili. Hita ikabaki nje ya mzunguko, haina kazi. Akajaza rejeta kubwa, akawasha injini, akaiacha ichemke huku akipapasa klipu kwa kidole. Halafu akaniletea beseni la maji ya moto, sabuni ya kuoshea vyombo na magazeti ya zamani, akaniambia nisugue kioo chote kwa ndani mara tatu, nisiache pembe, kwa sababu mafuta yale yakibaki yanashika unyevu upya.

Nilisugua mimi mwenyewe. Magazeti yalitoka na weusi unaonata. Mke wangu alisugua kioo cha upande wake.

Kabla hatujaondoka fundi alisogeza kitufe kimoja cha dashibodi ambacho kwa miaka yote sikukigusa. Kilikuwa kimekwama upande wa hewa ya ndani, yaani tulikuwa tukizungusha pumzi zetu wenyewe. Alikipiga kidogo kwa bisibisi kikaachia. "Wekeni hewa ya nje," alisema. "Baridi mtaipata, lakini mtaona."

Tuliteremka Mombo. Ukungu mdogo uliingia pembeni mwa kioo, nikawasha feni huku meno yamekazwa, tayari kukanyaga breki, na ukungu ukarudi nyuma, ukakauka. Nilifanya hivyo mara nne au tano njiani, bila sababu, kwa kutoamini tu.

Nilidhani mambo yamekwisha. Lakini tulipokuwa tukirudi juu jioni ileile, lori tupu, mke wangu alisema, "Kesho unakwenda kliniki."

"Kwa nini? Si umeona ilikuwa hita?"

"Gari limepimwa. Wewe hujapimwa. Baba yako alikuwa baba yako."

Nilibishana naye kutoka Soni mpaka nyumbani. Kesho yake nilikuwa kwenye benchi la kliniki, saa mbili asubuhi, naye pembeni yangu. Kwanza alihakikisha nimetobolewa kidole kupimwa sukari; ilikuwa sawa, na nilimwona akishusha mabega yake kwa mara ya kwanza baada ya wiki tatu. Kisha niliitwa chumba cha macho. Nesi aliniambia niweke kidevu kwenye chuma na nisipepese. Nilishika kingo za meza.

Alipima jicho la kulia, akaandika. Alipima la kushoto, akalipima tena.

"Katika familia yenu kuna mtu aliyewahi kuugua macho?" aliniuliza.

Nilimwambia kuhusu baba. Aliandika hilo pia. Akasema jicho la kushoto presha yake iko juu kidogo. Si sana, na kuona bado ninaona vizuri, hakuna kilichopotea. Lakini nitie dawa ya matone kila jioni bila kukosa, na nirudi baada ya miezi mitatu, na mingine mitatu, siku zote.

"Ningechelewa?" nilimuuliza.

"Wengi wanakuja wakishaanza kugonga milango," alisema. "Wewe nani amekuleta?"

Nilimwonyesha mke wangu kupitia mlango uliokuwa wazi. Alikuwa amelala kwenye benchi, kichwa ukutani.

Nilimuuliza kama ninaweza kuendelea kuendesha. Alisema ninaweza, ila nisidanganye nikiona mabadiliko. Nilipomweleza mke wangu yote hayo, tukiwa tumesimama nje ya geti, sikupunguza hata neno moja. Alisikiliza, akafunga vizuri kanga yake, akasema atajifunza udereva.

Nilidhani anatania. Jumapili iliyofuata alinipeleka kwenye uwanja ulio wazi juu ya kijiji, mahali ambapo hakuna korongo wala watu, akakaa kwenye siti yangu, akaivuta mbele, akaniambia nikae kushoto. Aliuliza klachi ni ipi. Nikamwonyesha. Akasema Bismillahi, akaiachia ghafla, lori likaruka kama mbuzi, likazima. Akaliwasha tena. Tulizunguka uwanja ule mara kumi na mbili kwa gia ya kwanza, naye akinitaka niache kukanyaga breki ambayo upande wangu haipo. Mimi nilishika mlango kwa mikono miwili, nikamwambia kila alipogeuza usukani, "Taratibu, mama, taratibu," naye hakunijibu, maana alikuwa anatazama mbele.